Jinsi ya kutengeneza bango la historia ya ufalme wa Baluba, kuanzia makaburi ya Kisale hadi mgawanyiko wa Kabongo na Kasongo Niembo

Ukitafuta haraka habari za ufalme wa Baluba wa Katanga, utakuta miaka miwili imeandikwa pamoja: 1585 na 1889. Ni rahisi kuinakili, ndiyo maana inaingia katika kaye za wanafunzi bila mtu kuuliza imetoka wapi. Mwaka wa kwanza hutokana na kuhesabu wafalme kurudi nyuma. Wa pili unaufunga ufalme wakati watoto wa mulopwe (mfalme wa Baluba) wa mwisho mkubwa bado wanagombea kiti. Na nyuma ya huo wa kwanza zimeachwa karibu karne tisa za watu waliovua, wakafua chuma na kuzikana kando ya ziwa Kisale.

Maelezo haya yanahusu bango la ukutani linalochukua muda wote huo. Yanawafaa walimu wa historia wa sekondari, vikundi vya vijana, na yeyote anayeandaa maonyesho shuleni au parokiani hapa Lubumbashi. Hakuna haja ya kupanda treni ya Bukama: wazee wanaojua habari hizi wanapatikana katika mitaa ya mji ya Kenya, Katuba na Kamalondo, na vitu vya shaba na udongo vinaonekana katika Makumbusho ya Taifa mjini.

Karatasi na vipimo

Tafuta karatasi 8 za A3, skochi, rula ya mita moja, penseli laini, kifutio kizuri, na rangi nne. Laza karatasi kwa upana, ziunganishe ncha kwa ncha, na bandika skochi upande wa nyuma ili sehemu ya mbele iweze kuandikwa. Karatasi moja ina upana wa sentimita 42, kwa hiyo nane zinatoa sentimita 336. Acha sentimita 3 kila upande. Zinabaki 330 za kazi.

Kipimo ni hiki: sentimita 1 kwa miaka 4. Karne moja inachukua sentimita 25. Sifuri ni mwaka 600, na mwisho wa sentimita 330 ni mwaka 1920. Kupata mahali pa mwaka wowote, toa 600 kisha gawa kwa 4. Mwaka 1000 uko sentimita 100, mwaka 1500 uko 225, mwaka 1891 uko karibu 323. Usibane kipimo ili bango litoshe kwenye ukuta mfupi. Ukibana, karne ya 19 inakuwa na upana wa vidole vitatu, na humo ndimo kuna mambo mengi kuliko kwingine kote. Wanafunzi wataandika herufi zisizosomeka au wataacha mambo.

Kimo cha karatasi ni sentimita 29.7. Chora mistari minne ya urefu wote, kila mmoja sentimita 6.5, kinachobaki juu ni cha kuandikia miaka. Kuanzia juu kwenda chini: ardhi, shaba, mdomo, njia. Mstari wa ardhi ni wa yale yaliyochimbuliwa. Wa shaba ni wa misalaba na mapambo. Wa mdomo ni wa yale wanayosimulia wazee. Wa njia ni wa biashara na wageni. Kila jambo linaandikwa kwenye mstari wa chanzo chake, wala si kwenye mstari ambao lingependeza zaidi. Sheria hiyo moja inazuia nusu ya makosa.

Mstari wa ardhi

Lualaba ukishuka kutoka Bukama unaingia katika bonde tambarare lenye mafuriko, maziwa na matete: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo. Leo eneo hilo liko jimbo la Haut-Lomami, kuelekea Kinkondja na Malemba-Nkulu. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walifungua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya Kisale. Kuanzia 1974 mwanaakiolojia Mbelgiji Pierre de Maret alirudi hapo, akachimba pia Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa jumla ni makaburi zaidi ya 200, na mfululizo wake unafika karibu na siku zetu bila kukatika. Ni sehemu chache sana za Afrika ya kati zenye bahati hiyo, na watoto wa Katanga wanastahili kuijua.

Gawa mstari wa ardhi katika vipindi vitano:

Kamilamba, karibu karne ya 7.
Kisale ya zamani, karne ya 8 hadi ya 10.
Kisale ya kilele, karne ya 10 au 11 hadi ya 13.
Kabamba A, karne ya 13 au 14 hadi ya 15 au 16.
Kabamba B, karne ya 16 hadi ya 18.

Msipige mstari mkali kati ya kipindi na kipindi. Changanyeni rangi mbili kwa upana wa sentimita 12 kila upande wa mpaka, yaani karibu miaka 50. Sababu iko katika jinsi tarehe zinavyopatikana. Kipande cha makaa au mfupa hupimwa kaboni, na maabara hutoa jibu kama hili, tuseme: 900 ± 50. Hesabu hiyo huanzia mwaka 1950 kurudi nyuma, kwa hiyo 900 inaangukia mwaka 1050. Alama ya ± 50 haimaanishi kwamba ukweli umo ndani ya miaka hiyo kwa hakika. Nafasi ni kama 68 katika 100. Ukitaka nafasi ya 95 katika 100, zidisha mara mbili: 950 hadi 1150. Na hata hapo jibu bado ni ghafi, lazima lipitishwe katika jedwali la kusahihisha kabla ya kuitwa mwaka. Kosa la kawaida ni mwanafunzi kuona "900" na kuandika "mwaka 900". Kwenye bango letu hilo ni kosa la sentimita 37 na zaidi.

Sasa jazeni. Katika makaburi ya Kisale ya kilele mmewekwa vyungu vingi, mbabula za udongo, majembe, visu, mikuki, ndoana na vyusa vya chuma, pamoja na vikuku, minyororo na mikufu ya shaba. Andikeni ndoana na vyusa kwa herufi kubwa. Ufalme huu ulianza kwa samaki. Bonde lililofurika kila mwaka liliwalisha watu wengi mahali pamoja, na samaki aliyekaushwa husafirika. Alitoka akaenda kwa watu wa nchi kavu, wao wakaleta walichokuwa nacho. Maziwa hayakuwa na shaba. Migodi ya Kolwezi na Likasi iko karibu kilomita 300 kusini. Kila kikuku cha shaba kaburini Sanga kimetembea njia hiyo, na mtu fulani alilipia.

Fanyeni zoezi moja hapa, linachukua saa moja. Chukueni kaye, chora safu tano: umri wa marehemu, idadi ya vyungu, vitu vya chuma, vitu vya shaba, vitu vilivyotoka mbali kama kauri na shanga. Jazeni kwa kila kaburi ambalo mtapata maelezo yake makumbushoni au katika maktaba ya chuo kikuu. Angalieni makaburi ya watoto kwanza. Kati yao yapo yenye mali nyingi, na ukubwa wa vyungu huendana na umri wa mtoto. Mtoto wa miaka mitatu hakuvua wala hakupigana vita. Mali yake kaburini inaonyesha kwamba cheo kilikuwa kinarithiwa tayari. Huo ndio ushahidi wa mapema wa koo kubwa na koo ndogo, nao una nguvu kuliko kaburi lolote la mtu mzima tajiri.

Jihadharini na mambo mawili. Kaburi lenye mali si kaburi la mfalme. Andikeni "mtu mwenye cheo", basi. Pili, tunachokijua hapa ni makaburi. Vijiji vyenyewe havijachimbwa vya kutosha, kwa sababu watu wa leo wanaishi palepale walipoishi wa kale. Msichore nyumba ya kifalme ya karne ya 11. Hakuna aliyeiona.

Mstari wa shaba

Anzeni na kilicho karibu. Kando ya kijito Naviundu, hapa hapa Lubumbashi, kumepatikana alama za uyeyushaji shaba za karne ya 4, kabla hata ya sifuri ya bango. Chora mshale mdogo kwenye ukingo wa kushoto na andika "Naviundu". Wanafunzi wakiona kwamba mji uliozaliwa rasmi 1910 umekaa juu ya kazi ya zamani hivyo, wanashika penseli kwa namna nyingine.

Katika Kisale, shaba ni mapambo. Katika Kabamba A jambo linabadilika: inaingia misalaba ya shaba iliyomiminwa katika kalibu, ile ambayo wengi huita kwa Kifaransa "croisette". Mwanzoni ni mikubwa na michache, mara nyingine mmoja tu juu ya kifua cha marehemu. Kadiri karne zinavyosonga inakuwa midogo, inafanana zaidi, na inakutwa kwa mafungu karibu na mikono au nyonga. Kitu kikubwa kilichowekwa kifuani kwa heshima kimekuwa kitu kidogo cha kuhesabu. De Maret alieleza badiliko hilo kuwa ni safari ya kuelekea fedha: kwanza mali ya shughuli kubwa kama mahari, baadaye sarafu ya manunuzi mengi. Wekeni maelezo hayo kwenye bango, mkionyesha kwamba ni tafsiri ya mtaalamu.

Chora misalaba kwa ukubwa wake halisi. Nendeni makumbushoni na rula, ombeni ruhusa kwa mhifadhi, na andikeni kwa kila msalaba: urefu kutoka ncha hadi ncha ya mshazari, unene katikati, na mahali ulipotoka kama pameandikwa. Mkiruhusiwa kupima uzito, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Msiusugue. Ile kijani inayofunika shaba ni sehemu ya kumbukumbu. Ikiondoka, mtaalamu wa kesho hana la kusoma.

Hapa ndipo vikundi vingi vinateleza: wanachora msalaba mkubwa wenye umbo la X, kwa kuwa ndio unaojulikana sana na kwa kuwa misalaba ilikuwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960, kisha wanaubandika karne ya 14. Misalaba mikubwa ya X ilienea Katanga katika karne ya 19. Ile ya Kabamba ni ndogo zaidi, na mwishoni mwa mfululizo iko iliyo ndogo kiasi cha kucha. Msipokuwa na vipimo vya mkono wenu, acheni nafasi tupu.

Na msinunue. Msalaba unaouzwa barabarani bila maelezo ya mahali ulipotoka hauna mwaka, hauna kaburi, hauna jirani. Hauwezi kukaa kwenye bango. Isitoshe, kila unaponunuliwa mtu mwingine anachukua jembe kwenda kufukua. Sheria ya 1971 ya kulinda mali ya utamaduni inadai kibali kwa uchimbaji. Mkiambiwa kuna vyungu vimeonekana shambani kwa mtu, pigeni picha bila kugusa, andikeni mahali, na mpeleke habari makumbushoni au idara ya historia ya chuo kikuu.

Mstari wa mdomo

Huu ndio unaopendwa na wote, na ndio unaohitaji subira. Simulizi yenyewe, kwa ufupi wake: Nkongolo Mwamba alitawala kwa ukali karibu na ziwa Boya. Mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, alikaa kwake, akazaa na dada zake Nkongolo. Mtoto wa Bulanda, mmoja wa dada hao, alikuwa Kalala Ilunga, kijana aliyemshinda mjomba wake katika michezo na vita. Nkongolo alimchimbia shimo lenye mikuki, akalifunika, akamwalika acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma alimwonya kwa mdundo. Kalala akapima ardhi kwa mkuki wake, akaliona shimo, akakimbilia ng'ambo ya Lualaba kwa baba yake. Alirudi na jeshi, Nkongolo akakatwa kichwa, na Kalala akaanzisha ufalme wa damu ya bulopwe, yaani damu takatifu ya utawala.

Msiiwekee mwaka simulizi hii. Iandikeni ndani ya fremu isiyo na pande, itembee juu ya mstari wa mdomo kuanzia karibu sentimita 150 hadi 250, bila kugusa kipimo. Inaeleza jinsi mtawala anavyopaswa kuwa na asivyopaswa kuwa: anavyokula, anavyocheka, anavyopokea mgeni. Hiyo ni historia ya sheria za utawala, nayo ni ya thamani kubwa. Kuipa tarehe 1585 ni kuipunguza.

Mkienda kuuliza wazee, nendeni wawili: mmoja aulize, mwingine aandike na kushika telefone ya kurekodi. Ombeni ruhusa ya kurekodi kabla ya kuitoa mfukoni. Zawadi ya sabuni, sukari au chumvi inatolewa mwanzoni, kwa mikono miwili, kama salamu ya mgeni. Ikitolewa mwishoni inaonekana malipo ya maneno, na mzee atajisikia anadaiwa maneno mengi zaidi kuliko anayojua. Saa moja na nusu inatosha kwa siku.

Swali la kwanza lisiwe "wafalme walikuwa nani?" Hapo mtapewa orodha, na mara nyingi orodha hiyo imetoka katika vitabu vya zamani vya wamisionari na watawala wa kikoloni, ikarudi kijijini, ikawa kana kwamba ni ya mababu. Ulizeni: "Tata, mama yake mulopwe huyo alitoka kijiji gani?" Halafu: "Alipokufa, makao yake yalibaki na nani?" Maswali hayo mawili yanafungua mlango. Kila mulopwe alipokufa, makao yake yaligeuka kitenta, kijiji cha roho yake, na mwanamke aitwaye Mwadi alikaa humo akibeba roho hiyo na kuhifadhi masalio yake. Mzee anayeweza kutaja kitenta, Mwadi na kijiji cha mama anajua habari ambazo hazijapita kitabuni. Ulizeni pia vyeo: Twite, Inabanza aliyelinda vitu vitakatifu vya ufalme, Kalala wa vita.

Wako pia Bambudye, chama cha waliotunza kumbukumbu ya ufalme na kuweza kumkemea hata mfalme. Chombo chao kilikuwa lukasa, ubao wa mbao wenye kiuno chembamba, urefu wa sentimita 20 hadi 25 hivi, uliojaa shanga, simbi au michoro. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa shefu na watu wake. Mstari wa shanga, njia au safari. Ubao uleule ulisomwa tofauti kulingana na msomaji na shughuli ya siku hiyo. Msitengeneze "tafsiri ya lukasa" yenye orodha ya alama na maana zake moja moja.

Kuhusu hesabu ya wafalme: anzeni na nanga moja imara, kisha rudini nyuma. Nanga yetu ni mwaka 1874, pale msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba, makao ya Kasongo Kalombo. Ni sentimita 318.5. Kabla yake hutajwa Ilunga Kabale, Kumwimbe Ngombe, Ilunga Sungu. Hapo mnaweza kuandika vipindi vya makadirio: Ilunga Sungu mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa 19, Kumwimbe Ngombe theluthi ya kwanza ya karne ya 19, Ilunga Kabale baada yake hadi karibu 1870. Nyuma zaidi ya hao, hesabuni vizazi tu, msihesabu majina. Ndugu wawili au watatu walifuatana mara nyingi kwenye kiti. Tuseme orodha ina majina 12 ndani ya vizazi 8. Kwa miaka 27 ya kizazi, vizazi 8 ni miaka 216. Mkihesabu majina mtapata 324. Tofauti ni miaka 108, sentimita 27 za bango, karne nzima isiyokuwepo.

Na mkikuta wazee wawili wanatoa orodha tofauti, ziandikeni zote mbili, moja juu ya nyingine, na jina la ukoo au kijiji cha aliyesimulia (lake mwenyewe msiliandike kama hataki). Upande wa Kabongo na upande wa Kasongo Niembo hawawezi kusimulia mwisho wa ufalme kwa namna moja, na kila mmoja ana sababu zake. Kuchagua mshindi si kazi ya bango. Vilevile msichanganye Baluba wa Katanga na Baluba wa Kasai kana kwamba wote walikuwa chini ya mulopwe mmoja. Mjini kwetu, baada ya watu wa asili ya Kasai kufukuzwa 1992 na 1993, uzembe wa namna hiyo unaumiza watu.

Mahali pa kuunganisha mistari

Mkifika hapa, wanafunzi watataka kuvuta mshale kutoka kaburi tajiri la Sanga hadi kwa Kalala Ilunga. Wazuieni. Mshale unaruhusiwa pale tu ambapo kitu kilekile kinaonekana juu na chini.

Kipo. Katika kaburi moja la Kisale ya zamani lilikutwa shoka la heshima lenye mpini uliopambwa kwa misumari, pamoja na fuawe la chuma. Karibu miaka elfu moja baadaye, shoka la namna hiyo ni alama ya cheo kwa Baluba, Kalala Ilunga anasifiwa kuleta uhunzi, na katika kumtawaza mulopwe kuna tendo linaloitwa kupiga fuawe. Vuta mshale huo kwa rangi nyekundu, andika "alama za utawala". Haisemi kwamba aliyezikwa humo alikuwa mulopwe. Inasema kwamba uhusiano wa chuma na mamlaka ulikuwepo bondeni karne nyingi kabla ya orodha yoyote ya wafalme. Mshale wa pili unaweza kutoka vyungu vya mwisho vya Kabamba B kwenda vyungu vya Baluba wa karibuni, ambavyo vinafuatana bila pengo.

Mishale miwili inatosha. Bango lenye mishale kumi linaonyesha hamu ya mwandishi.

Mstari wa njia, na kuanguka

Jazeni kwanza njia za kuinuka: samaki wakavu na mafuta ya mawese kutoka bondeni, chumvi na chuma kutoka nchi kavu, shaba kutoka kusini, kauri na shanga zilizotoka mbali mashariki. Ufalme ulikua kwa kukaa katikati ya njia hizo na kwa kugawa heshima. Shefu wa mbali aliyekubali kuwa chini ya mulopwe alirudi kwake na moto mtakatifu, udongo mweupe, fimbo ya cheo; akaleta kodi. Hakuna jeshi la kudumu lililohitajika kila mahali. Chini ya Ilunga Sungu na Kumwimbe Ngombe mamlaka hayo yalifika hadi upande wa ziwa Tanganyika.

Kuelezea kuanguka, anzeni na kiti chenyewe. Wana wa mulopwe walikuwa wa mama mbalimbali, na kila mmoja alitegemea kijiji cha mama yake. Baba akifa, vijiji vya mama vilipigana. Kwa muda mrefu jambo hilo lilivumilika, hata lilisaidia: mshindi alikuwa na watu wenye nguvu nyuma yake, na vita vya nje vilileta kodi mpya ya kuwatuliza walioshindwa. Mpaka ulipofika mbali pasipoweza kusukumwa tena, kodi mpya iliisha, ugomvi ukabaki.

Hapo ndipo wageni wanaingia. Chora mishale mitatu kuelekea bondeni, yote katikati ya karne ya 19, sentimita 312 hivi. Kutoka magharibi, wafanyabiashara wa Bihe, Angola, wakitafuta pembe na watumwa. Kutoka mashariki, Waswahili na Waarabu wa pwani. Cameron alimkuta Jumah Merikani amekaa Kilemba. Kutoka kusini, M'siri na Bayeke wake wa Bunkeya, waliokuja kutoka Unyamwezi na kushika nchi ya shaba. Wote wana bunduki. Mtoto wa mulopwe aliyeshindwa hakuhitaji tena kusubiri kijiji cha mama yake; aliweza kununua msaada wa nje, kwa pembe kwanza, na pembe zikipungua, kwa watu. Utaratibu uliokuwa ukimtoa mfalme mwenye nguvu sasa ulitoa vita visivyoisha. Kwenye bango andikeni sentensi hiyo kwa maneno yenu, kati ya mstari wa mdomo na wa njia, kwa sababu inagusa yote miwili.

Mwaka 1891 huleta mkanganyiko mkubwa. Tarehe 20 Desemba mwaka huo M'siri aliuawa Bunkeya na kundi la Kapteni Stairs, lililotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Huo ni mwisho wa ufalme wake wa Garenganze, ambao ulidumu miaka isiyofika hamsini. Wekeni kwenye mstari wa njia, sentimita 322.8, na rangi tofauti kabisa. Baluba hawakuanguka siku hiyo. Kasongo Kalombo alikuwa amekufa katikati ya miaka ya 1880, na wanawe waligombana: upande wa Kabongo kaskazini, upande wa Kasongo Niembo kusini. Wabelgiji waliukuta ufalme umepasuka, wakaifanya nyufa kuwa mipaka ya utawala. Kasongo Niembo aliendelea kuwapinga hadi alipokamatwa 1917. Sentimita 329.25, karibu na ukingo wa karatasi.

Wanafunzi watataka kuandika sababu moja: bunduki, au utumwa, au Wabelgiji. Wapeni kadi sita za karatasi ngumu, kila moja na sababu yake, wazipange kwa mwaka zilipoanza kuonekana, bila kuangalia uzito. Ugomvi wa urithi utakuwa wa kwanza, mipaka kukoma kupanuka wa pili, wafanyabiashara, kupotea kwa njia ya shaba, kupungua kwa pembe, na utawala wa kikoloni wa mwisho kabisa. Mpangilio huo ukishakuwa ukutani, mjadala unaendelea wenyewe.

Acheni maandishi yote ya mstari wa mdomo katika penseli hata baada ya maonyesho. Mtu kutoka Kinkondja au Kabongo atasimama mbele yake na kusema, hapana, mama yake hakuwa wa kijiji hicho. Mpeni kiti, mwandike alichosema na tarehe ya siku hiyo pembeni, na jina lililokuwepo msilifute.